Komeo Lilikuwa Limefungwa

Mkuu wa shule aliniita ofisini Jumanne moja ya mwezi wa pili, kipindi cha tatu kikiwa hakijaisha, akaniambia nikusanye nakala zote za riwaya niliyokuwa nafundisha kidato cha sita, nizipeleke stoo kabla ya mapumziko. Hakuwa mkali. Alinisogezea barua iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, herufi nzuri, na chini sahihi ya mzazi mmoja wa Mwese, huko milimani.

Mzazi huyo alijitambulisha kuwa ni mzee wa kanisa. Aliandika kwamba binti yake alikwenda nyumbani kwenye msiba wa bibi yake, akaacha kitabu mezani, naye akakifungua. Kwa maelezo yake, kitabu kile kinawafundisha watoto kuwahukumu wazazi waliowazaa, na kinawavua nguo wazee wa kanisa mbele ya vijana. Aliomba kiondolewe shuleni. Nakala ya barua alikuwa amempelekea mwenyekiti wa bodi.

"Kimo kwenye orodha ya wizara?" mkuu aliniuliza.

Nikamwambia hakimo. Akakuna shavu, akasema basi hapo ndipo tulipo na shida.

Nakala zile, ishirini na mbili, niliziokota kwenye kabati la idara nilipohamia shule hii ya Mpanda mjini. Ziliachwa na mwalimu aliyestaafu. Nilizitumia kwa sababu moja tu. Vile vitabu teule wanafunzi wangu huvikuta vimeshatafunwa: kuna vitini mjini vyenye dhamira, wahusika, tamathali za semi, kila kitu kimepangwa, na mtoto anaweza kupata alama nzuri bila kufungua riwaya yenyewe. Hii haikuwa na kitini. Ukitaka kuihakiki ilikubidi uisome.

Riwaya yenyewe ni fupi. Inasimuliwa na baba mmoja, fundi seremala na mzee wa kanisa, katika nafsi ya kwanza, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Binti yake mkubwa anapata mimba akiwa hajaolewa. Jioni moja ya mvua anaondoka nyumbani, na hawamwoni tena. Baba anatueleza jinsi alivyomlea, alivyomwombea, alivyomsihi. Anasema binti aliondoka kwa kiburi chake, na kwamba yeye aliuacha mlango bila komeo mpaka asubuhi ili mtoto akibadili mawazo aweze kuingia. Mtu mwingine haongei kitabuni isipokuwa kupitia kwake.

Kwa miaka mitatu niliifundisha kama nilivyofundishwa mimi chuoni. Naandika ubaoni "fani" upande wa kushoto, "maudhui" upande wa kulia, halafu tunajaza. Mtindo: nafsi ya kwanza. Muundo: rejea, kwa sababu mzee anasimulia akiwa ameshazeeka. Mandhari: kijijini. Baba tulikuwa tunamweka kuwa mhusika mlezi, mcha Mungu, mwenye mapenzi na familia. Binti tulimwandika kuwa mkaidi. Madarasa matatu yalipita na maelezo hayo, na mimi niliyasahihisha kwa kalamu nyekundu nikaweka alama za vema.

Mwaka wa nne kulikuwa na binti mmoja aliyekaa dawati la pili karibu na dirisha, mkimya, mwandiko mdogo sana. Alinyoosha mkono tukiwa sura ya tisa.

"Madam, komeo lilikuwa limefungwa au halikufungwa?"

Sikumwelewa. Akaniomba niende ukurasa ule ambao fundi anaeleza desturi yake ya kuwahi ibada ya alfajiri. Ni sehemu ya kupita tu, mzee anasifia kazi ya mikono yake. Anasema mlango ule aliuchonga mwenyewe kwa mninga, na komeo lake lilikuwa zito kiasi kwamba siku ile, asubuhi baada ya ile mvua, alipoliinua lilimpiga kidole akatoka damu. Binti akasoma hayo kwa sauti. Kisha akarudi sura ya pili, akasoma pale baba anapoapa kwamba mlango ulikuwa bila komeo mpaka kunakucha.

Halafu kijana mmoja nyuma akasema, kwa hiyo mzee anatudanganya. Mwingine akasema hapana, amesahau tu, ni mtu mzima. Wakaanza kubishana, nami nikawaacha. Waliokuwa wanamtetea baba wakataka ushahidi zaidi, wale wengine wakaanza kuutafuta, na kabla kipindi hakijaisha walikuwa wameshaokota mambo mengine matatu. Sura moja mzee anasema mkewe hakulia. Sura nyingine anasema kilio cha mkewe kilimnyima usingizi. Tashbiha alizotumia kwa binti mwanzoni zote ni za mimea na ndege, na baada ya mimba kujulikana zote ni za moto na magonjwa. Na neno "nilimsihi" linarudiwa mara nyingi mno kwa mtu ambaye haonyeshwi hata mara moja akisihi. Takriri ile nilikuwa nimeiorodhesha kila mwaka. Sikuwahi kuuliza ilikuwa inafanya kazi gani.

Nilitoka darasani nikiwa na aibu, nasema kweli. Nilikwenda nyumbani Kawajense nikakisoma kitabu upya jioni hiyo, na kila ukurasa niliona mwandishi amesimama nyuma ya yule mzee, kimya, anamwacha ajifunge mwenyewe kwa maneno yake. Kesho yake nilifuta ubao wote. Nikawapa zoezi: kila mtu apige mstari kwa penseli mahali ambapo msimulizi anajitetea kabla hajashtakiwa.

Wiki ileile binti akafiwa na bibi yake, akapanda kwenda Mwese, na kitabu chenye mistari ya penseli kikaenda naye.

Siku nilipokusanya nakala, alinisubiri nje ya stoo. Alikuwa ameshajua barua ni ya nani. Akasema samahani, madam, mara mbili, akitazama viatu vyake. Nikamwambia hakuna alilokosa, mtu hawezi kuadhibiwa kwa kufanya zoezi. Hakuonekana kuniamini. Aliuliza kama baba yake ataitwa. Nikasema ataitwa, kikao cha bodi kimepangwa Alhamisi ya wiki inayofuata, naye atakuja kueleza, na mimi nitaeleza.

Mkuu alinitaka niandike maelezo ya kurasa mbili kuhusu thamani ya kitabu. Nikaandika. Alipoyasoma aliyarudisha, akasema, "Haya ni ya darasani, madam. Msimulizi asiyeaminika, kinaya, usimulizi wa nafsi ya kwanza. Mzazi atatoka mlimani na pikipiki, unataka umwambie kinaya?" Nilikasirika kidogo, lakini nilipokwenda kukaa niandike upya sikupata la kuandika.

Jumatano, siku moja kabla ya kikao, nilitoka ofisi ya walimu kama saa saba mchana nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi la nje. Amevaa koti jeusi lisilolingana na suruali, na buti za mpira, tope limepanda mpaka magotini. Barabara ya Mwese kwenye mvua watu wanaijua: sehemu nyingine abiria anashuka, anasukuma pikipiki pamoja na dereva. Alikuwa ameamua kuja siku moja mapema asije akakwama, na atalala kwa dada yake Majengo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha sita anapatikana wapi. Nikamwambia ndiye mimi.

Alinitazama kidogo. Nadhani alitegemea mtu mwingine. Akasema barua ameandika yeye, hajifichi, na ameona afadhali tuzungumze sisi wawili kabla ya kesho, maana kwenye kikao watu hawasikilizani.

Tulikaa maktaba. Nilimuuliza kwa adabu kama amekisoma kitabu chote. Akasema hapana. Alisoma pale penye mistari tu.

"Nilikuta mtoto amepiga mistari," alisema. "Nikasoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili. Nikaona haya maneno ni yangu."

Nilidhani anamaanisha maneno yanayofanana na ya wazazi wote. Nikamweleza lile zoezi, nani alilitoa na kwa nini, na kwamba darasa zima walipiga mistari, si binti yake peke yake. Alisikiliza. Mabega yakashuka kidogo. Lakini akasema bado haoni sababu ya mwalimu kuwapa watoto kitabu cha mzee mwongo.

Hapo nikaenda kwa mkuu, nikaomba nakala moja kutoka stoo kwa dhamana yangu. Alisita, akanipa ufunguo. Mzee alikuwa amesahau miwani nyumbani, kwa hiyo nikamsomea. Nilianza sura ya kwanza, mvua ikipiga bati, nami nikipandisha sauti. Nilisoma kama saa mbili. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wanafunzi wangu. Fundi alipoeleza namna ya kukausha mbao za mninga alitikisa kichwa kukubali, akasema huyu anajua kazi. Fundi alipolalamika kwamba siku hizi watoto wanasoma mpaka wanasahau salamu, alicheka.

Tulipofika pale pa jioni ya mvua hakucheka tena. Aliniuliza kama aliyekiandika ana watoto. Nikasema sijui. Nikamwambia lakini mwandishi na msimulizi ni watu wawili, huyu mzee ametungwa, mwandishi amemkalisha hapo aseme.

"Basi mwandishi anamcheka."

"Hamcheki, baba. Anamwacha aseme mpaka mwisho."

Akafikiri juu ya hilo. Kengele ya kutoka ilishalia, na sura nne zilikuwa zimebaki. Aliomba aondoke na kitabu, ataazima miwani ya dada yake. Nikampa. Nilijua naweza kulaumiwa, maana nilikuwa nampa mlalamikaji kitabu kilichozuiwa akalale nacho Majengo, na mkuu alikuwa ameshaondoka. Nikampa hivyohivyo.

Asubuhi alikuja mapema kuliko walimu. Buti zilikuwa zimeoshwa. Nilimkuta benchi lilelile, kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Alinirudishia, akanisogezea nafasi nikae. Halafu akaongea, sauti ya chini, bila kunitazama, akiangalia watoto wanaofagia uwanja.

Alisema huyu binti ana dada yake. Miaka minne iliyopita dada mtu alirudi kutoka mjini na mimba. Yeye wakati huo ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

"Watu wote nimewaambia aliondoka mwenyewe," alisema. "Hata mchungaji nilimwambia hivyo. Hakuondoka mwenyewe, mwalimu."

Nilisema pole, baba. Akasema hakuja kupewa pole, na mara moja akaongeza kwamba hakukusudia kunijibu vibaya. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: kama binti yake aliuliza lile swali la komeo kwa ajili ya mtihani, au kwa ajili yake yeye, baba.

Nikamwambia ukweli, kwamba siwezi kujua. Swali lilikuwa zuri kwa mtihani. Mtoto aliyewahi kusikia jambo likisimuliwa kwa namna mbili huenda analisikia upesi zaidi kuliko wengine. Hayo nilimwambia, na baadaye nilijiuliza kama nilikuwa nimevuka mpaka.

Kikao kilianza saa nne. Tulikuwa watano: mkuu, mwalimu wa taaluma, mwenyekiti wa bodi ambaye ni bwana shamba mstaafu, mzee yule na mimi. Mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti, kisha akanitaka nijieleze. Niliziacha zile kurasa zangu mbili kwenye mkoba. Nikawasomea aya mbili tu, ile ya mlango ulioachwa bila komeo na ile ya komeo lililopiga kidole. Nikawauliza mlango ulikuwaje. Mwalimu wa taaluma, mtu wa hisabati, akajibu papo hapo kwamba ulikuwa umefungwa. Nikasema huo ndio uhakiki ninaofundisha. Mtahiniwa anayemwamini kila anayesema "mimi" atapotea kwenye karatasi ya mtihani, na nje ya mtihani vilevile.

Mwenyekiti akamgeukia mzee, akamuuliza ana la kusema.

Mzee alisimama, ingawa hakuna aliyesimama kabla yake. Alisema alipoandika barua alikuwa hajasoma, na hilo ni kosa lake. Sasa amesoma. Hakisifii. Kinauma, na mtoto akikisoma peke yake anaweza kwenda nacho pabaya. "Lakini kitabu hakisemi uongo," alisema. "Anayesema uongo ni yule baba. Mkikiondoa mtakuwa mmemsaidia yeye." Akakaa. Habari za nyumbani kwake hakugusia, na mimi sikugusia.

Ningependa kuandika kwamba kitabu kilirudi darasani siku hiyo. Hakikurudi. Mwenyekiti alikuwa muungwana lakini mwoga. Alisema mtihani wa taifa uko karibu, kitabu hakimo kwenye orodha, na barua nyingine ikiandikwa na mtu mwingine haitaishia kwenye bodi. Waliamua nakala zibaki stoo mpaka kidato cha sita wamalize, halafu zihamie maktaba, zisomwe humohumo kwa ruhusa ya mwalimu, zisitoke nje ya geti. Mkuu aliandika, tukatia sahihi. Darasa langu halikumaliza sura tatu za mwisho. Wanafunzi walilalamika, nikawasimulia mwisho kwa mdomo, na kusimulia siyo kusoma.

Baada ya kikao niliwaona dirishani, baba na binti, wamesimama karibu na ua wa michongoma. Baba alikuwa amemletea maharage na asali kwenye chupa. Hawakuongea muda mrefu. Baba alitoa simu yake ndogo, binti akaishika, akawa anabonyeza kitu, akamrudishia. Baba akaondoka kwenda kutafuta pikipiki kabla mvua haijaanza.

Sikumuuliza. Binti alinieleza mwenyewe wiki kadhaa baadaye, alipoleta madaftari ofisini. Alisema baba aliomba namba ya dada, ile aliyoifuta kwenye simu yake miaka minne nyuma. Mama yake alikuwa nayo wakati wote, lakini baba aliona vigumu kuiomba kwa mama.

Alifaulu vizuri. Swali la msimulizi halikutoka hata kidogo mwaka ule. Walimaliza mwezi wa tano, na mwezi wa saba alinipigia kunijulisha amerudi nyumbani anasubiri majibu ya maombi ya chuo. Akiwa anaaga alinisimulia kwamba dada yake alikuja na mtoto, akakaa siku tano, akarudi Sumbawanga anakofanya kazi ya ushonaji. Baba hakuomba msamaha kwa maneno. Siku ya pili alimpeleka mjukuu shambani akamwonyesha mizinga ya nyuki kwa mbali. Siku ya Jumapili walikwenda kanisani wote, na mtu alipouliza kama huyu ndiye yule aliyeondoka, baba alijibu kwamba ni yeye aliyemfukuza. Dada alikasirika kwa kusemwa mbele ya watu. Jumanne aliondoka bado amenuna kidogo, ila alisema mwezi wa kumi na mbili atakuja tena. Nikamuuliza binti yeye alionaje. Akasema, "Nilifurahi, madam. Ila nyumbani palikuwa pagumu siku zile tano. Hakuna aliyejua akae wapi."

Nakala ishirini na mbili ziko maktaba. Nimeshapata wanafunzi wapya, na tunakwenda kuzisoma humo siku za Ijumaa, vipindi viwili, kila mmoja anasaini kuchukua na kurudisha. Ubaoni siandiki tena fani kushoto na maudhui kulia. Tunaanza na anayesimulia: ni nani, anataka tuamini nini, na kipi amekipitia haraka. Wapo wanaonung'unika kwamba hivyo siyo mtihani unavyouliza. Wana haki, kwa hiyo wiki ya mwisho huwapangia na maswali ya mtihani.

Likizo ya mwezi wa sita iliyopita nilikwenda Katumba, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi, kumwona baba yangu. Ana miaka mingi sasa, Kiswahili chake bado kina Kirundi ndani. Tulikaa jikoni tunapukuchua mahindi, akaanza kusimulia walivyokimbia mauaji kwao, wakavuka mto kuja Tanzania, yeye akiwa kijana. Tangu utoto wangu, katika masimulizi yake, yeye ndiye aliyembeba mama yake mgongoni. Shangazi, alipokuwa hai, alikuwa akisema aliyembeba ni kaka yao mkubwa, yule aliyefia njiani. Nilipokuwa msichana niliona mmoja kati yao ni mwongo, na nilikuwa upande wa shangazi.

Safari hii nilimsikiliza mpaka alipofika kwenye maji. Akaokota gunzi, akalitupa kwenye kapu. Nikamuuliza maji yalifika wapi. Akaonyesha kifuani. Akasema yalikuwa ya baridi, na kwamba kaka yake alikuwa mrefu kuliko yeye. Halafu akaniomba nimsogezee mahindi mengine.